Kisicho cha Mtu na Kilicho cha Wote

Mwaka mmoja, maji ya masika yalipokwisha kushuka, tuliwatoa wanafunzi wetu darasani tukaenda nao ukingoni mwa mto Tana, ili wayaone kwa macho mambo waliyokuwa wakiyasoma kitabuni. Mto ulikuwa umeacha fungu jipya la mchanga mahali ambapo mwaka uliotangulia palikuwa maji matupu. Juu ya mchanga ule ilikuwa imeota miche midogo, urefu wake haupiti kidole, nayo ilikuwa mingi kama mtama uliomwagika. Mvulana mmoja aliinama akaushika mche mmoja, akauliza, “Mwalimu, huu ni wa nani?” Kabla hatujafungua kinywa, mwenziwe akamjibu, “Si wa mtu.” “Basi,” akasema yule wa kwanza, akaung’oa, akautupa majini.

Jambo lenyewe ni dogo, wala mtoto yule hakukosa adabu. Aliuliza kwanza, naye akajibiwa. Walakini neno lile “basi” lilitufuata hadi nyumbani, likakaa nasi usiku, tusiweze kulifukuza. Ni kweli kwamba mche ule haukuwa wa mtu. Mchanga ule si wa mtu, mto si wa mtu, wala majani ya uwandani si ya mtu. Lakini je, kisicho cha mtu ni kitu kisicho na mwenyewe? Twaona kuwa yako maneno mawili katika usemi wetu yanayofanana kama mapacha: “si cha mtu” na “ni cha wote.” Yote mawili huweza kunenwa juu ya kitu kile kile, na msikilizaji asione tofauti. Lakini asemaye la kwanza hunyosha mkono mara moja, na asemaye la pili sharti auzuie mkono wake kwanza, awatazame wenziwe. Leo twataka kuyatenga mapacha hawa, maana tumeona kwa macho yetu hasara iletwayo na kuwachanganya.

Kabla ya kuwafundisha wengine yatupasa kusema tuliyoyatenda wenyewe. Tunalo shamba la migomba na mahindi karibu na mto. Kando yake yapita njia ya ng’ombe iteremkayo majini, ambayo huku kwetu huitwa malka. Mwaka mmoja mto ulipofurika ulikula sehemu ya shamba letu upande wa maji. Tuliona uchungu, nasi tukajiambia, “Mto umetunyang’anya, na njia hii pana si ya mtu.” Basi tukauhamisha ua wetu hatua sita ndani ya malka, tukapanda.

Kiangazi kilipofika, akaja mzee mmoja wa Kiorma na ng’ombe wake. Akasimama penye ua, akatuamkia, akauliza habari za watoto na za shule, nasi tukamwitikia yote. Kisha akasema, “Mwalimu, ua huu ulihama peke yake?” Tukamwambia, “Mzee wetu, njia ingali pana, ng’ombe wapita.” Akasema, “Ni kweli, watano wapita. Mimi ninao zaidi ya watano, na nyuma yangu yuko mwenzangu.” Hakugombana nasi. Aliwapitisha ng’ombe wake kama alivyoweza. Nao kwa kubanwa wakamwagika upande wa pili, wakakanyaga mahindi ya jirani yetu, mama mjane ambaye hakuhamisha hata mti mmoja wa ua. Jioni ile vijana wa pande mbili walikuwa wamekwisha kuchukua fimbo. Wazee wa Kipokomo na wazee wa Kiorma walikaa chini ya mkuyu siku nzima kuyatuliza mambo tuliyoyaanzisha sisi, mwalimu wa watoto wao, kwa hatua sita. Tuliurudisha ua mahali pake, tukamlipa mama yule mahindi yake.

Kwa hiyo mvulana yule aliposema “basi,” sauti ile tuliitambua. Ilikuwa sauti yetu wenyewe.

Kwa ajili ya wasomaji walio mbali yafaa tueleze jinsi nchi yetu ilivyo. Tana ndio mto mrefu kupita yote katika Kenya, kiasi cha kilometa 1,000. Maji yake yatoka katika mlima Kenya na milima ya Aberdare, yakazunguka na kuteremka mpaka bahari ya Hindi karibu na Kipini. Huku chini mvua ni haba, na mtu akiuacha mto nyuma yake akatembea kidogo tu huingia katika nyika kavu ya miiba. Uhai wote wa nchi hii waletwa na mafuriko. Mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, mto huweza kupanda kingo zake na kutandaa uwandani. Maji huacha tope lenye rutuba, hujaza mabwawa na kuingia chini ya ardhi, ambako mizizi ya miti huyafuata wakati wa jua. Yakishuka, hapo penye ziwa pana shamba. Na mavuno yakiisha na nyika ikikauka, hapo penye shamba na kando yake pana malisho. Mpokomo hulima na kuvua. Muorma na Mwardei huleta ng’ombe wakati majani ya nyikani yamekwisha. Ardhi ni moja, na zamu zake ni tatu: zamu ya maji, zamu ya jembe, na zamu ya kwato.

Tena wako wengine wanaoishi hapa wasiolima wala wasiofuga. Katika vipande vya msitu vilivyo kandokando ya mto wako kima wa namna mbili ambao hawapatikani mahali pengine po pote duniani. Mmoja ni mbega mwekundu wa Tana. Wa pili ni mangabi wa Tana, mwenye kishungi kichwani. Miche ile ya mchangani nayo ni ya mti usio wa kawaida, ambao wataalamu huuita Populus ilicifolia. Ndugu zake wengi hukaa katika nchi za baridi za Ulaya, Asia na Marekani, bali huu umekaa kwenye kingo za mito michache ya Afrika ya Mashariki. Mbegu zake ni ndogo mno, zina manyoya kama pamba, na uhai wake ni mfupi. Haziwezi kuota kivulini wala penye majani. Zataka mchanga mpya ulio mtupu, wenye unyevu, katika jua. Na mchanga mpya hauletwi ila na mafuriko. Mahali ambapo mto haufuriki, miti mikubwa yaweza kusimama miaka mingi, mtu akaitazama akasema msitu ni mzima; kumbe ni kama kijiji cha wazee kisicho na mtoto hata mmoja.

Basi turudi katika swali letu. Mwaka 1968 mtaalamu mmoja wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika makala iliyosomwa duniani kote. Alitoa mfano wa malisho yaliyo wazi kwa wote. Kila mfugaji, alisema, huona kwamba akiongeza ng’ombe mmoja faida yote ni yake, bali hasara ya majani hugawanywa kwa watu wote. Kwa hiyo kila mmoja huongeza, hata malisho yakafa. Mtu akiyasoma maneno hayo hudhani kwamba hapana dawa ila malisho yagawanywe kwa hati, au serikali ishike fimbo. Lakini baada yake akaja bibi mmoja, Elinor Ostrom, naye Mmarekani, ambaye hakuridhika kukaa na kufikiri tu. Alikusanya habari za malisho, misitu, mifereji na mahali pa kuvulia katika nchi nyingi, akaonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1990 kwamba ziko jamii zilizotunza mali ya shirika kwa mamia ya miaka pasipo kuigawanya na pasipo kuipokonywa. Waliwezaje? Walijua nani yumo na nani hayumo. Walikuwa na kanuni walizozitunga wenyewe. Walikuwa na watu wa kuangalia, na adhabu ianzayo kwa upole. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya Nobel ya elimu ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata. Hardin mwenyewe baadaye alikubali kwamba alikuwa akinena habari za malisho yasiyo na utaratibu. Yaani, kwa usemi wetu, aliandika juu ya kisicho cha mtu, na watu wakasoma kama kwamba ameandika juu ya kilicho cha wote.

Wazee wa Tana hawakungoja kuyasoma hayo. Wapokomo walikuwa na baraza lao, Gasa, na Waorma walikuwa na baraza lao, Matadeda. Mabaraza hayo yalisema ng’ombe wateremke kwa malka ipi, na lini, na shamba liishie wapi. Hatusemi kwamba wazee wale walikuwa malaika. Walipigana nao, na vita vyao vinasimuliwa hata leo. Lakini walijua neno moja, kwamba haki ya kuingia uwandani ilikuja pamoja na wajibu wa kutoka. Mwenye kujua kuingia tu, asijue kutoka, huyo hakuhesabiwa kuwa mshirika.

Huenda msomaji akatuuliza, “Mwalimu, watuambia habari za malisho, nasi twakubali, maana ng’ombe na mahindi ni chakula. Lakini kima na mti wa pamba vimeingiaje? Mwenye njaa atapewa nini na mbega mwekundu?” Swali hili ni la haki, wala hatulidharau. Tena huku kwetu halikuulizwa kwa maneno matupu. Mwaka 1976 serikali ilitenga hifadhi kwa ajili ya kima hawa, kiasi cha kilometa za mraba 169. Ndani ya mipaka hiyo walikuwamo watu, pamoja na mashamba yao na makaburi ya baba zao. Miaka ya 1990 ukaja mradi uliotaka kuwahamisha baadhi yao, na wengi wakakataa. Mwisho wenyeji wakaenda mahakamani, na mwaka 2007 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hifadhi ile haikuwekwa kwa njia ya sheria ipasavyo.

Mambo haya yatufundisha nini? Kwamba kima hawana thamani? Hasha. Yatufundisha kwamba mtu akiambiwa, “Msitu huu uliokuwa wenu wote sasa ni wa serikali,” moyoni mwake husikia, “Msitu huu si wako tena.” Na kisicho chake hatakilinda, atangoja mlinzi apite, kisha achukue shoka. Hivyo yule aliyetaka kuulinda msitu ameuhamisha, pasipo kujua, kutoka kwa pacha mmoja kwenda kwa pacha wa pili. Kinyume chake, twawaona wenyeji wa Ndera, ambao wameanzisha hifadhi yao wenyewe katika ardhi yao. Hatuwezi kusema kwamba kazi yao haina shida. Twasema tu kwamba anayelinda hapo anakilinda kilicho chake.

Lakini bado hatujalijibu swali la mwenye njaa. Na tulijibu hivi. Kwanza, huyo kima na huyo mwenye njaa wanakula sinia moja. Mangabi hula matunda ya mkuyu na ya mkindu. Mkindu huo huo ndio mama zetu hukata makuti yake kusuka mikeka, na wagema huukata kwa ajili ya tembo. Penye mikindu ya kutosha mangabi hupata, msusi hupata, na mgema hupata. Mikindu ikikatwa hata kwisha, wa kwanza kukosa ni mangabi kwa sababu hana kwingine. Lakini si yeye peke yake atakayekosa. Kima yule hutangulia tu. Mwenye hekima akimwona wa mbele ameanguka shimoni hasemi, “Hayo ni ya kwake.”

Pili, na hili kwetu ndilo kubwa zaidi, twadhani kwamba mfano wa zamu watupeleka mbali kuliko mfano wa faida. Mtu akikata mkuyu mmoja ametumia zamu yake, pengine vizuri, pengine vibaya; mwakani mwingine utaota na mwingine atapata zamu. Mtu akimaliza aina nzima ya mti au ya mnyama, huyo hakutumia zamu yake tu. Amezimaliza zamu zote, za waliopo na za wasiozaliwa, wala hapana baraza liwezalo kumtoza fidia, kwa kuwa hakuna mahali pa kukinunua kilichopotea. Katika malisho ya shirika, mfugaji aliyeleta ng’ombe wengi mno hutozwa na kuonywa. Lakini aliyetia sumu kisimani huhesabiwa mtu wa namna nyingine kabisa. Sisi twaona kwamba kumaliza aina ya kiumbe ni karibu na kutia sumu kisimani kuliko kulisha kupita kiasi. Na hatuhitaji kujua mbega mwekundu ana faida gani ili tujue kwamba hatukupewa ruhusa hiyo. Aliyekaribishwa kula hawezi kulivunja sinia kwa hoja kwamba yeye ameshiba.

Tatu, mpaka wa “wote” ni mpana kuliko tudhanivyo. Katika matete ya delta yetu, wakati ambapo nchi za kaskazini zina baridi, huja ndege mdogo wa rangi ya udongo, ambaye hakuna amtazamaye. Wataalamu wamempa jina la mji wa Basra, maana nyumbani kwake hasa, anakotaga na kulea makinda, ni katika mabwawa ya matete ya Iraki. Katika miaka ya 1990 serikali ya nchi ile iliyakausha mabwawa hayo kwa mifereji na kingo, ikawaumiza na wenyeji waliokaa humo. Tangu mwaka 2003 maji yakaanza kurudishwa. Ndege yule hana habari ya mipaka. Mtu wa Iraki akikausha, sisi tutamkosa. Nasi tukikausha, watamkosa wao. Hivyo mvuvi wa Tana na mvuvi wa Iraki, wasiojuana hata kwa jina, ni majirani katika kitu kimoja.

Wako na majirani wa karibu zaidi wasiojijua. Huko juu mto umezuiwa kwa mabwawa matano ya kufanyia umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, na Kiambere 1988. Umeme huo umewasha taa za watu wengi, na za shule nyingi, wala hatuulaani. Aidha, sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya Nairobi yatoka katika mito ya bonde la Tana. Lakini bwawa kubwa hushika maji ya masika, na mafuriko ya kiasi, yale yaletayo tope na mchanga, yamepungua huku chini. Yale makubwa mno hayazuiliki. El Niño ya mwaka 1997 na 1998 ilibomoa kingo za mradi mkubwa wa mpunga katika delta, na mwaka 2018 na mwaka 2024 watu wengi walihama nyumba zao kwa maji. Mafuriko ni kama mkunga mkali: ana kelele na huumiza, lakini bila yeye mtoto hazaliwi. Basi yule awashaye taa mjini naye ni mshirika wa malisho yetu, ingawa hajapata kuona hata ng’ombe mmoja wa Tana. Yeye naye ana zamu, na zamu ya maji kuachiliwa yaje chini yafaa ihesabiwe katika baraza lake, kama sisi tunavyohesabiana malka.

Tulikwisha kuona mwisho wa watu kuacha kuhesabiana. Mwaka 2008 uliidhinishwa mpango wa kulima miwa katika delta, kiasi cha hektari 20,000, na mipango mingine ikafuata. Kila mmoja akaogopa kwamba mwenziwe atamtangulia kupewa hati. Njia za ng’ombe zikazibwa hapa, mashamba yakalishwa pale, na nyoyo zikachafuka. Tangu Agosti mpaka Desemba mwaka 2012 Wapokomo na Waorma walishambuliana, na watu zaidi ya 100 wakauawa, na miongoni mwao wanawake na watoto. Sababu zilikuwa nyingi, na siasa ilikuwamo. Hatutaki kuzipima hapa, wala kusema nani alianza, kwa kuwa tunafundisha watoto wa pande zote mbili katika chumba kimoja. Wahenga walinena kwamba wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Hapa kwetu nyasi ziliumia kweli, na tembo pia. Na katika mwaka ule ule wa 2012 delta ya Tana iliandikwa katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya maeneo ya majimaji yenye thamani kwa dunia nzima, hektari 163,600. Dunia ilikuwa ikiandika kwamba uwanda huu ni wa wote, na wenyewe walikuwa wakizikana juu yake.

Lakini tusimalize kwa majonzi. Wenyeji wa delta, wakulima na wafugaji, walikuwa wamekwenda mahakamani pamoja juu ya mipango ile, na Februari 2013 Mahakama Kuu iliagiza serikali ifanye mpango wa matumizi ya ardhi, na wenyeji washirikishwe. Mpango huo ulizinduliwa mwaka 2015. Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 nazo zimekubali kwamba iko ardhi isiyo ya mtu mmoja wala ya serikali, bali ya jamii. Haya ni mema. Walakini karatasi haiwezi kusimama penye malka kiangazi na kuhesabu hatua. Sheria yaweza kutamka kwamba kitu ni cha wote. Kukifanya kiwe hivyo ni kazi ya kila siku ya mtu na ua wake.

Kwa hiyo twasema hivi, kwa wenzetu walimu na kwa wazazi. Mtoto akiuliza, “Hiki ni cha nani?” msiharakishe kumjibu, “Si cha mtu.” Neno hilo ni jepesi, na ni kweli nusu, na nusu yake iliyobaki ndiyo iletayo ugomvi. Mwambieni ni cha wote, kisha mwambieni hao wote ni nani: jirani wa ng’ombe na jirani wa jembe, mama asukaye mkeka, kima mwenye kishungi, ndege wa Iraki, mtu wa mjini mwenye taa, na watu ambao bado hawajazaliwa. Orodha ni ndefu, na mtoto atachoka kuisikiliza. Si vibaya, hata sisi tulichoka, tukahamisha ua.

Mwaka uliofuata tuliwapeleka tena wanafunzi mtoni. Nusu ya fungu lile la mchanga ilikuwa imechukuliwa na maji. Katika nusu iliyobaki mbuzi walikuwa wamepita, na miche mingi ilikuwa imekatwa vichwa. Tulihesabu kumi na mmoja iliyokuwa mizima, mirefu kufika kiunoni mwa mtoto. Mvulana yule alikuwapo. Hakusema neno la kujutia, wala sisi hatukumkumbusha. Mtoto mdogo wa darasa la chini alikuwa amefuatana nasi, akaushika mche mmoja kwa mkono, akauliza kama yeye alivyouliza, “Huu ni wa nani?” Yule mvulana akatutazama kwanza. Kisha akamwambia, “Ni wa wote. Uache.” Mdogo akauliza, “Na mimi nimo?” Akajibiwa, “Umo, ndiyo maana nakwambia uuache.”

Tulimwongeza alama katika somo la elimu ya viumbe, ingawa siku ile hatukuwa tumewapa mtihani.